Aliyejua Kwamba Ziwa Lina Njaa

Mheshimiwa Naibu Waziri Thorburn, Kapteni Darlene Michel, unayewakilisha hapa watu wa Ktunaxa, ambao maji haya yalikuwa yao kabla ya mgeni yeyote kuyapa jina, wazee wa ukumbi huu wa Wadoukhobor, mliotupokea kwa mkate, chumvi na maji mezani kama mnavyompokea kila anayeingia, wafanyakazi wa kituo cha ziwa, wavuvi, jamaa wote wa familia ya Kalmakoff, majirani wa Pellam Landing, nawe Polina, uliyeketi mstari wa mbele ukinitazama kama unavyoitazama chupa yenye kizibo kilicholegea:

Karatasi ya itifaki niliyopewa mlangoni inaniagiza nianze na Mheshimiwa, nami nimetii. Haikuniagiza nisimrudie baadaye. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba usiimalize chai yako upesi.

Nimepewa dakika kumi na tano za kumuaga mwanamke aliyekalia kiti kimoja kwa miaka thelathini na mmoja. Aliyeniomba ni Polina mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini mimi, Renato Bressan, wakati bonde zima linajua nilivyomwandika gazetini. Akajibu kwamba wengine wote watamsifu, naye angependa walau mtu mmoja aseme yaliyotokea. Kisha akaniwekea masharti mawili: nisimwite shujaa, wala nisitunge mashairi juu ya maji. La kwanza nitalitimiza. La pili nitajaribu.

Leo ni Jumapili ya mwisho ya Aprili. Keshokutwa, Jumanne, saa moja asubuhi, Kapteni Michel atalitoa tishari lake gatini, alipeleke katikati ya Ziwa Ellishaw likiwa na matangi ya mbolea ya maji, na aimwage kidogo kidogo nyuma yake kwa mwendo wa kilomita kumi. Atafanya hivyo kila Jumanne mpaka Septemba. Fosforasi iwe kiasi gani, naitrojeni iwe kiasi gani, hayo yamekuwa yakiamuliwa kila Jumatatu na mtu mmoja, baada ya kuinamia hadubini na kuona ni nani anayeishi ziwani wiki hiyo na ni nani ametoweka. Mtu huyo anastaafu leo. Na wiki tatu zilizopita ilifika barua ya aya mbili kutoka wizarani. Barua hiyo inasema kwamba kiti chake hakitajazwa, kwamba Bi Tessa Pohl aliyefundishwa naye kwa miaka sita hatahitajika tena, na kwamba chupa za maji ya ziwa zitatumwa kwa kifurushi kwenye maabara moja ya mbali, ambayo italeta majibu baada ya wiki kumi na nne.

Wiki kumi na nne! Majibu ya Mei yatatufikia Agosti. Ni mzazi gani anayempikia mtoto wa leo kwa kuangalia uzito aliokuwa nao alipokuwa mchanga?

Hilo ndilo lililo mezani leo, ndugu zangu, pamoja na borschi, supu ya wenyeji wetu, na keki. Mengine yote nitakayosema ni kueleza jinsi tulivyofika hapa. Sehemu kubwa ya njia hiyo niliichimba mimi.

Wageni mliotoka mbali huenda mnashangaa ni watu gani hawa wanaomwaga mbolea ziwani kwa makusudi, wakati kwingineko duniani watu wanapigana kuizuia isiingie. Ni watu ambao ziwa lao lilishikwa na njaa.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa mara ya mwisho nilipokiona Kijito cha Maddock kikiwa chekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema, na ninaona nyuso zenu zimeshabadilika. Kokanee, samaki wetu wa jamii ya samoni, wanaishi ziwani miaka yao wakiwa na rangi ya fedha. Halafu vuli moja wanageuka wekundu, wanapanda kijito kilekile walimozaliwa, wanataga, na wanafia papo hapo. Babangu, Ottavio Bressan, alikuwa mtu wa tanuri za kuyeyushia madini. Mwaka mzima hakuomba ruhusa ya ugonjwa wala ya harusi, lakini kila Septemba aliomba Jumamosi moja. Tulikaa kwenye gogo, yeye na mimi, tukiwa na mkate na jibini, na mbele yetu maji yalikuwa yamejaa migongo. Dubu walikuwa ng'ambo, wameshiba hata hawatutazami. Harufu ya mizoga ilifika hadi kanisani, na padri alikuwa akihubiri kwa ufupi mwezi huo mzima. Nikitaka kuvua viatu niingie majini, babangu alinishika kola na kusema, "Usitie mguu. Utamkanyaga mwenye nyumba."

Nimesafiri, nimesoma, nimeona mambo mengi mazuri ambayo watu hupanga foleni kuyaona. Sijawahi kutamani kitu chochote kama ninavyotamani Jumamosi moja tu ya zile.

Nilipokuwa na miaka hiyohiyo tisa walimaliza bwawa la juu. Nanyi mnajua kinachotokea mto ukisimamishwa nyuma ya ukuta: tope linatua chini, na fosforasi iliyoshikamana na tope inatua nalo. Maji yaliyotufikia sisi yalikuwa yamechujwa kama uji wa mgonjwa. Mwani mdogo, ule usioonekana kwa macho, ukakosa chakula. Viroboto maji, wale wadudu wadogo kuliko punje ya mtama wanaorukaruka majini, wakakosa mwani. Kokanee wakakosa viroboto maji. Mwaka hadi mwaka waliorudi walikuwa wachache zaidi na wafupi zaidi, mpaka ukafika wakati samaki mzima aliyekuja kutaga alikuwa hakijazi kiganja cha mkono.

Na sisi tulifanya nini? Tulishangilia. Ziwa lilikuwa halijawahi kuwa angavu kiasi kile. Tulishusha kisahani cheupe kwa kamba, tukakiona mpaka mita kumi na tano, tukaandika barabarani kwa herufi kubwa kwamba hapa ndipo penye maji safi kuliko yote. Nami niliandika gazetini, miaka yangu ya mwanzo, kwamba tumepoteza samaki lakini tumepata kioo. Nilifikiri ni sentensi nzuri. Watu waliikata na kuibandika kwenye majokofu yao.

Polina alikuja miaka ile ya mwisho ya kioo. Binti wa watu hawa wenye ukumbi huu, kijiji cha ng'ambo ya mto, watu wasiokula nyama wala samaki, wanaoimba bila ala na wanaofanya kazi bila kelele. Wengi wenu mlikuwepo kwenye mkutano ule wa mji. Mwenye hoteli moja alisimama akajisifu kwamba mgeni wake ameangusha pete kutoka kwenye boti na ameiona chini inang'aa. Polina, hata hajaombwa kusema, akaweka kisahani cheupe juu ya meza, akauliza: "Sahani ikiwa nyeupe pe, ni kwamba watu wameshiba, au ni kwamba hakukupikwa?"

Ukumbi ulicheka. Mwenye hoteli alitaka kujua kama yeye ni mwanasayansi au mpishi. Polina akamwambia kwamba kwa ziwa hili itabidi awe vyote viwili.

Na ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili baadaye tishari lilianza kutembea. Miaka minane baadaye mto wa kaskazini ulikuwa na wekundu tena, na tai walirudi kwenye misonobari ya Maddock kabla hata watu hawajaamini. Amewalisha samaki miaka yote hii na hajawaonja. Kapteni Michel humtania kila vuli, "Dada, hata supu yake tu?" naye hujibu kwamba chakula hicho hakupikiwa yeye.

Lakini kulisha ziwa si kumwaga tu. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo ambalo mimi sikulielewa, na kwa kutolielewa nilifanya uharibifu. Mwani si kitu kimoja. Kuna aina ambazo viroboto maji wanazila kwa raha, na kuna aina nyingine, ule wa bluu-kijani, ambao hawauli kabisa, unaoelea juu kama rangi iliyomwagika. Ukizidisha fosforasi na kupunja naitrojeni, ule usioliwa ndio unaokaribishwa mezani. Na uwiano huo haukai mahali pamoja. Unabadilika joto likipanda, theluji ikichelewa kuyeyuka, viroboto maji wakizaana kuliko kawaida. Ndiyo maana kila Jumatatu lazima mtu aketi, atulie, aweke tone la maji chini ya kioo, na ahesabu: hawa wangapi, wale wangapi, hawa wameongezeka, wale wameanza kukonda. Akiona wale wasioliwa wameanza kujitokeza, anamwambia Kapteni apunguze hiki na aongeze kile. Ziwa halina mdomo wa kusema limeshiba. Linasema kwa nani anayeishi ndani yake.

Miaka kumi na minne iliyopita, mwezi wa Julai, Ghuba ya Lister iligeuka kijani.

Mnaikumbuka. Mbwa wawili walitapika, watoto walikatazwa kuogelea, na harufu ilikuwa ya kabichi iliyosahauliwa ndani ya gari. Nami nilikuwa na gazeti. Niliandika makala kumi na moja. Nilimwita Polina Kalmakoff mpishi wa sumu. Niliuliza ni akili gani inayotia mbolea kwenye maji ya kunywa. Nilileta wataalamu wa miji ya mbali waliokubaliana nami, na nikawapuuza wawili ambao hawakukubaliana. Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo: kosa langu lilikuwa na sentensi safi, na watu walilisoma kwa sauti wakiwa wanakunywa kahawa. Kisha nikaandaa waraka wa malalamiko, nikauweka mlangoni mwa duka kubwa, kwenye uwanja wa magongo ya barafuni, na nyuma ya kanisa. Katika mji wa watu elfu tatu, walitia sahihi watu elfu moja mia moja na arobaini.

Kapteni Michel nilimpelekea waraka mwenyewe, kwenye tishari lake. Alikuwa anafunga kamba, wala hakuniangalia. Akasema, "Bwana Mwandishi, wewe ziwa unalitaka la kutazama. Sisi tunalitaka la kula." Nikarudi ofisini nikaandika makala ya kumi na mbili, juu yake.

Serikali ya wakati ule ilitusikiliza. Si wewe, Mheshimiwa, hukuwepo. Lakini wizara ni ileile. Baada ya siku tisa tu tangu waraka uwafikie, tishari lilifungwa gatini, na likabaki pale msimu ule uliosalia na misimu miwili mizima iliyofuata. Tulipiga honi za magari barabarani. Mtu fulani alinibeba mabegani, na yupo humu ndani, na sitamtaja kwa sababu mgongo wake siku hizi ni mbovu.

Na Polina? Hakujibu hata makala moja. Hakuandika barua kwa mhariri, ingawa mhariri alikuwa akiingojea kwa hamu. Aliendelea kwenda ziwani kila Jumatatu kuchota chupa zake na kurudi kuhesabu. Hakukuwa na mbolea ya kupima. Alikuwa anahesabu njaa. Wiki hadi wiki aliandika viroboto maji wanavyopungua, na mwisho wa msimu wa pili akapeleka wizarani kurasa tisa zisizo na neno hata moja la hasira. Msimu uliofuata tishari lilitoka tena, kimyakimya, bila mtu kupiga honi.

Lakini samaki hawasomi taarifa. Wale waliokuwa wadogo wakati wa njaa walikuwa wamekwisha kufa. Septemba ya mwaka ule babangu alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, mapafu yake yameliwa na tanuri, na daktari ametuambia tusitarajie afike Krismasi. Akaniomba jambo moja. Nilimpeleka Maddock kwa gari, nikamweka kwenye kiti cha turubai pale palipokuwa na gogo, nikamfunika blanketi. Tulikaa kuanzia asubuhi hadi alasiri. Maji yalipita. Yalikuwa angavu sana. Ungeweza kuhesabu kokoto.

Mara mbili au tatu aliinua kidole akidhani ameona kitu. Lilikuwa jani.

Nilipomwinua ili tuondoke, aliniuliza, "Waligomea nini, Renato?" Hakuniuliza kwa lawama. Alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, alidhani kila asiyefika mahali pake ana sababu yake. Alifariki Novemba.

Ndugu zangu, mto wa kaskazini umepona. Vijito vinne vimepona. Maddock hakijapona. Ukoo wa samaki waliozaliwa kijito kile ulikatika katika miaka ile, na samaki hurudi kule alikozaliwa. Wa kuzaliwa kule hawapo, basi wa kurudi kule hawapo. Kila Septemba Polina hupanda mpaka juu ya kijito kutazama, kisha hunipigia simu na kusema neno moja, "Bado." Miaka kumi na moja ananipigia. Sijui kwa nini alianza kunipigia mimi. Sikumwambia habari za babangu. Nadhani alituona siku ile tukiwa kwenye kile kiti cha turubai, kwa sababu alikuwa juu yetu anahesabu, na akaondoka bila kutusalimu ili asituaibishe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulijua mpaka majira ya baridi ya mwaka juzi.

Nilikwenda kituoni kuandika habari za jengo kuvuja. Nilikuwa na hasira za kawaida, mnanijua. Polina hakutaka kuzungumzia paa. Aliniambia niketi. Akanisogezea hadubini na kile kibonyezo cha kuhesabia kinachokaa kiganjani, akaniambia nihesabu viroboto maji waliomo kwenye kioo. Nilihesabu hamsini na wawili. Akaketi yeye, akahesabu thelathini na wanne. Akasema, "Unahesabu kama unavyoandika. Unaona unachokitaka." Tessa Pohl alitoka chumbani upesi sana, na nilimsikia akicheka kule nje.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, kwa ubishi. Kisha nyingine. Sasa ni mwaka wa pili, na ninakosea kwa watatu au wanne tu, jambo ambalo kwa mtu wa gazeti ni maajabu. Jumamosi moja aliniachia madaftari yake ya zamani nijifunze. Ni madaftari thelathini na moja, moja kwa kila mwaka, kila ukurasa ni Jumatatu moja. Mtu mwenye makosa ya zamani hujua mwenyewe daftari gani la kufungua kwanza. Nilifungua la miaka kumi na minne iliyopita, nikatafuta Julai.

Kurasa mbili zilikuwa tupu. Tarehe juu, na chini yake hakuna kitu. Katika miaka thelathini na mmoja, hizo ndizo Jumatatu mbili pekee ambazo hakuna aliyekalia kile kiti. Na siku nne baada ya ukurasa wa pili, ghuba iligeuka kijani.

Mnaelewa nilichokuwa nimekishika mkononi? Kulikuwa na joto kali wiki zile. Uwiano ulikuwa umebadilika, na mwani usioliwa ulikuwa umeanza kujitokeza, na mtu yeyote aliyeinamia kile kioo angeuona. Hakuna aliyeinama. Tishari likatoka mara mbili likiwa na kipimo cha mwisho wa Juni. Haikuwa mbolea iliyotuponza. Mbolea ilikuwa ileile ya miaka kumi na tano. Kilichotuponza ni kiti kitupu, kwa wiki mbili tu.

Nilimuuliza alikuwa wapi. Alikuwa anaosha vyombo vya kioo, mgongo umenielekea. Akasema, "Nilikuwa namzika mama."

Wazee wa ukumbi huu mnakumbuka mazishi hayo. Yalifanyika humu humu. Aliomba wizara impe mtu wa kumshikia nafasi, na wizara ikajibu kwamba wiki mbili si kitu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Makala kumi na mbili, sahihi elfu moja na zaidi, misimu miwili na nusu ya njaa, na sentensi moja tu ingenifunga mdomo. Kwa nini hakusema?

Akageuka, akanitazama. "Ungeiandika," akasema.

Nimeandika kwa miaka thelathini na mitatu. Hakuna mhakiki, hakuna mwanasiasa, hakuna wakili aliyewahi kunihukumu kwa neno moja, na kwa haki kama ile. Alichagua ziwa zima limchukie kuliko mama yake awe habari ya ukurasa wa mbele, na mbishi mmoja apate kichwa kizuri cha habari juu ya jeneza. Leo amenipa ruhusa niseme. Nilimuuliza kwa nini leo. Akasema kwa sababu kesho ni Jumatatu.

Basi, Mheshimiwa, nimekurudia, kama nilivyoahidi.

Barua yako inasema kituo cha hadubini ni, nanukuu, "huduma inayoweza kupatikana kwingine." Naomba unisaidie. Kwingine ni wapi? Mwani wa Ghuba ya Lister hausafiri kwa kifurushi ukiwa na habari za leo. Wiki mbili za ukurasa mtupu zilitugharimu kijito kizima, na wewe unatuletea kumi na nne, kila mara, kila mwaka, na unaziita ufanisi. Je, ofisi yako ina kijito cha akiba? Tishari litatoka Jumanne kwa sababu ratiba inasema litoke. Kapteni Michel atafungua mabomba kwa kipimo gani? Cha mwaka jana? Cha kukisia? Cha kutazama rangi ya maji, kama tulivyokuwa tunatazama sisi wenye akili tulioandika "maji safi kuliko yote"? Sidai ujenge kitu. Kiti kipo. Hadubini ipo. Mtu wa kukikalia yupo, anaitwa Tessa Pohl, ameketi pale karibu na dirisha akijaribu kujificha nyuma ya sufuria ya borschi, na anahesabu bila kuona anachokitaka. Tunachodai ni kwamba kesho asubuhi aketi.

Najua utasema kwamba utalifikisha suala hili kwenye ngazi zinazohusika, na kwamba mambo haya yana mchakato wake. Ningeamini hivyo, kama nisingekuwa nimeshaona kwa macho yangu jinsi wizara yako inavyokimbia inapotaka. Ilichukua siku tisa kutusikiliza.

Kwa hiyo naomba jambo moja la mwisho, na hili nawaomba ninyi majirani, si Mheshimiwa. Kila mtu aliyeko ukumbini humu ambaye miaka kumi na minne iliyopita alitia sahihi waraka ule wa kulisimamisha tishari, naomba asimame. Mimi nimeshasimama, na jina langu lilikuwa la kwanza.

Msione haya. Hata mimi ninaona haya. Asante, Daktari Prewitt. Asante, Bwana Lister, na ghuba ni ya ukoo wako. Asanteni, ninyi wa uwanja wa magongo, nyote kwa pamoja, kama kawaida yenu. Wewe uliyenibeba mabegani, simama taratibu, usijiumize. Mama Gustafson, ulitia sahihi mara mbili, ninayo karatasi. Asanteni. Asanteni sana.

Mheshimiwa, watazame. Hawa ndio watu ambao wizara yako iliwasikiliza ndani ya siku tisa, walipokuwa wamekosea. Ni walewale, nyuso zilezile, wamezeeka kidogo. Leo hawajakosea, na wanakuomba kiti kimoja kisibaki kitupu. Kama mlijua kutusikiliza wakati ule, hamwezi kusema hamjui jinsi ya kutusikiliza sasa.

Polina, wewe keti. Wewe hukutia sahihi.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Sisi wengine tutabaki tumesimama hivihivi, na kipaza sauti hiki sasa ni chako, Mheshimiwa.